Kanzu Zisizo na Mfuko

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barazani kwake katika mtaa wa Kikula, mjini Likasi, Henriette Kabongo anatia matone matatu ya mafuta kwenye cherehani yake. Anaifuta kwa kitambaa, anaketi, anaweka mguu kwenye kanyagio. Kinachobaki ni neno moja ambalo hulisema kwa sauti kila siku kabla gurudumu halijazunguka: "Ninaanza."

Ni zoezi alilojipangia mwenyewe. Kwa miaka kumi, akiwa ndani ya kundi la dini, hakuweza kuanza kazi yoyote, hata kuosha sahani, kabla msimamizi hajamwambia aanze. Alipotoka, mikono yake iliendelea kusubiri.

"Nilikuwa naikala mbele ya mashini, naangalia sindano, jua inapanda," anasimulia fundi huyo mwenye umri wa miaka arobaini na sita. "Hakuna muntu wa kuniambia anza. Nikasema, bon, nitajiambia minye mwenyewe."

Alhamisi hii neno halitoki.

Wanawake wanne waliovaa kanzu nyeupe wanapita kuelekea sokoni, macho chini, kama wanavyopita kila Alhamisi. Mmoja anatoka kwenye mstari. Anaruka mtaro, anapanda ngazi mbili za baraza na kusimama. Kwapani ana kanzu nyeupe iliyokunjwa. Wenzake watatu wanasimama ng'ambo ya barabara, wamegeuza migongo.

Ni Hadassa, mwanawe wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa. Mara ya mwisho walisemezana miaka minne iliyopita, mbele ya lango la kundi ambamo mama alitoka na binti akabaki.

"Kanzu inapasuka," anasema Hadassa. Hasalimu.

Henriette anajua kwa nini. Katika kundi hilo, linalojiita Mji wa Waliochaguliwa, aliyetoka hasalimiwi, halishwi wala haombewi. Lakini kanuni haikutaja neno la kazi. Na kanzu kweli imepasuka, ubavuni, shibiri nzima.

Anainyosha mapajani na kuutazama mshono. "Nani anashonaka sasa?" anauliza.

"Bengine."

Hakuna anayecheka, ingawa mishono ya hao wengine ingemchekesha fundi yeyote.

Kanzu hizo Henriette anazifahamu kuliko nguo zake. Kwa hesabu yake alishona zaidi ya mia tatu, za wakubwa na za watoto, zote bila mfuko. Kiongozi alifundisha kwamba mfuko ni mahali pa kufichia jambo, na kwamba waliochaguliwa hawana cha kuficha.

Hakuingia kwa kulazimishwa, na jambo hilo hupenda kulisema mapema, kabla mtu hajamhurumia. Mume wake, Casimir, alikuwa mchimbaji wa shaba karibu na Kakanda. Shimo lilimfunika mwaka 2011, Hadassa akiwa na miaka mitano. Ndugu wa mume walikuja siku tatu za matanga, wakaondoka na godoro. Watu wa kanzu nyeupe walikaa mwezi mzima.

"Balinifulia nguo. Balinipikia bukari, ile ugali yetu, na samaki ya ziwa ya Mwadingusha," anasema. "Mutoto wangu analala vizuri. Nani angekataa? Bantu baniulizaka, maman, ulikuwa mupumbafu? Hapana. Nilikuwa na njaa ya bantu."

Amri zilikuja moja moja. Kwanza simu. Kisha shule, kwa sababu kiongozi aliona darasa la sita linatosha. Kisha ruhusa ya kila kitu. Kisha ikaja Ijumaa ya kusafisha, siku ambayo kila mtu mzima aliingia peke yake kwa msimamizi na kutaja kosa la mwingine. Jumapili kiongozi alisimama mbele ya wote na kulitangaza, akisema ameonyeshwa na Roho. Aliyekosa la kusema Ijumaa alihesabiwa kuwa ndiye mwenye kosa.

Ijumaa moja Henriette hakuwa na la kusema.

Alijua kwamba Hadassa, wakati huo akiwa na miaka kumi na minne, alikuwa akificha kipande cha kalamu ya risasi na karatasi za michoro chini ya godoro. Michoro ya kuku na ya viatu tu. Akasema hilo.

Jumapili jina la mtoto likatajwa. Adhabu ilikuwa siku arobaini za kimya: hakuna wa kuzungumza naye, hata mama yake.

"Napika, naweka sahani mbele yake, nageuka," anasema Henriette. Anatia uzi kwenye sindano, unakosa tundu, anatia tena. "Siku moja akaniuliza, mama, Mungu alionaka namna gani chini ya matelas? Minye nikanyamaza. Nilisema moyoni, niko naheshimu azabu. Uongo. Nilikuwa naogopa."

Mwaka uliofuata, dada yake, Hélène, alifariki Mulungwishi. Henriette aliomba ruhusa ya kwenda kuzika akanyimwa. Asubuhi hiyo hiyo alimshika binti yake mkono, wakatembea hadi langoni. Pale Hadassa aliutoa mkono wake, polepole, bila hasira.

"Akasema, nitaenda wapi? Mungu ule anaonaka chini ya matelas, atanikosa njiani?"

Mlinzi wa lango siku hiyo alikuwa Pitshou, kijana mrefu aliyemwambia Henriette kwamba akivuka hatajulikana tena. Miezi minane baadaye naye alivuka. Leo anaendesha pikipiki ya abiria, na asubuhi humchukulia Henriette nguo zilizokamilika. Yeye mwenyewe anakiri bado hugonga mara tatu kabla ya kuingia nyumbani kwake.

"Bibi yangu ananiambia, Pitshou, ingia, ni weye njo unalipa nyumba," husema akimwiga mkewe, na hucheka kabla wengine hawajacheka.

Maisha ya nje hayakuwa mepesi. Mwaka wa kwanza Henriette alikula mara moja kwa siku na kulala kwenye chumba cha kuazima. Kazi yake ya kwanza kubwa ilitoka kwa mwalimu Arlette, aliyemwagiza kaptula ishirini na nne za wanafunzi. Henriette alizileta mapema, mishono imenyooka, pasi imekaa. Arlette alizigeuza moja baada ya nyingine, mbele, nyuma, kisha akamtazama.

"Maman, aba batoto batatia mikono wapi?"

Hakuna hata moja iliyokuwa na mfuko.

"Niliangalia zile kaptula kama muntu mungine alizishona," anasema Henriette. "Arlette alicheka, na minye nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nitoke. Kisha nikaenda nyumbani, nikafumua zote."

Tangu siku hiyo kila nguo inayotoka barazani kwake ina mfuko, hata gauni la mtoto mchanga. Wateja humtania. Pitshou huuliza lini atatia mfuko kwenye leso.

Sasa anashona sare tatu kwa siku. Amepanga chumba chenye vitanda viwili, kimoja chake. Kwenye cha pili wamelala watu sita katika miaka minne, mmoja baada ya mwingine, wote waliotoka Mji wa Waliochaguliwa usiku au alfajiri bila hata ndala. Kabla shule hazijafunguliwa tena anataka kupata cherehani ya pili ili anayelala kwenye kitanda hicho ajifunze kazi tangu wiki ya kwanza. Hasemi nikipata. Anasema nitapata, na fundi seremala jirani ameshachukua vipimo vya meza ya kuiwekea.

Lakini jambo moja hajalimaliza, na wote waliotoka kundini wanaokutana kwake Jumapili mchana wanalijua. Hadassa hajui nani alimtaja ile Ijumaa. Wenzake wengi humshauri alinyamazie. Mtoto akisikia, wanasema, hatavuka barabara hiyo kamwe. Henriette huwajibu kwamba siku Hadassa atakaposimama mbele yake, atasema. Amerudia hivyo kwa miaka minne, na hakuna aliyeweza kumpima.

Pikipiki ya Pitshou inazimika kando ya mtaro. Anamwona Hadassa, anavua kofia ya chuma, anabaki nayo kifuani. Hasogei.

Henriette amekwisha kuunga ubavu wa kanzu kwa pini. Ng'ambo, mmoja wa wale watatu anakohoa.

"Kesho itakuwa tayari?" anauliza Hadassa.

"Hata sasa hivi, ukingoja."

Msichana anatazama kaptula za bluu zilizopangwa kwenye benchi. Anagusa moja, kidole kinaingia mfukoni mpaka kwenye kifundo. Anapozungumza tena, sauti imeshuka hata Henriette analazimika kuinama.

"Utie mufuko. Ndani. Isionekane."

Pitshou, kule chini, anatikisa kichwa taratibu akimwangalia Henriette. Maana yake iko wazi: shona anachotaka, nyamaza, amekwisha kurudi nusu. Ingekuwa rahisi. Kitambaa kipo, uzi mweupe upo, na kanzu yenye mfuko itahitaji kurudishwa hapa kila itakapopasuka, mafundi wa kundi wasije wakauona mfuko. Angeweza kumpata binti yake mshono kwa mshono, bila kumwambia kitu.

Henriette anaondoa mguu kwenye kanyagio. Anaishika kanzu kwa mikono yote miwili.

"Nitatia," anasema. "Hata ukienda na usirudi tena, nitatia. Mais kwanza unisikie. Uliniulizaka Mungu alionaka namna gani chini ya matelas. Minye sikujibu."

Hadassa hainui macho, wala haondoki.

"Hakuona yeye. Ni minye njo nilikusemaka. Ile Ijumaa nilikosa neno, nikaogopa, nikatoa jina yako. Zile siku makumi ine, ni minye, mama yako, njo nilikupatiaka. Nilikukosea, Hadassa. Kitanda iko ndani, na mulango sifungi."