Glukosi ya Mama

Nilikuwa kidato cha sita mjini Dodoma, na elimu ilikuwa imenipanda kichwani. Mwalimu wa bayolojia alitufundisha kwamba chembe nyeupe za damu zikipambana na vijidudu hutumia sukari nyingi, na kwamba ndani yake mna mitokondria, ambazo ni kama jiko: chakula huunguzwa humo, nguvu ikapatikana.

Nyumbani Mlali, mama alikuwa na kidonda mguuni. Alijikata na jembe, na miezi ilipita bila kupona. Alikonda, na kiu haikumwacha. Mimi nikaona jibu waziwazi: askari wake, zile chembe nyeupe, wanapigana wakiwa na njaa. Maduka ya Chang'ombe, pale pale Dodoma, siku hizo yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje tulivyozoea kuvisikia tu. Nikanunua makopo ya glukosi, nikarudi nayo likizo.

Kwetu kitu kizuri hakiliwi na mwenye nyumba. Hufungiwa sandukuni kumngoja mgeni. Nililijua hilo, nikaja juu mapema.

"Mama, hii ni dawa. Ukimpa mgeni hata kijiko kimoja, usinihesabu mwanao."

Akaniapia. Nikawa namkorogea mwenyewe, vijiko vinne asubuhi, vinne jioni, na kumsimamia mpaka amalize. Sisimizi walianza kujaa pale alipokojoa nyuma ya nyumba. Nikamgombeza kwamba anakwenda kumwaga glukosi yangu kwa siri.

Kidonda kilipoanza kunuka tulimpeleka hospitali mjini. Daktari alimpima mkojo, kisha akaniita kando na kuniuliza mama anakula nini. Nilipomweleza, alivua miwani. Mama alikuwa na kisukari. Sukari ilijaa tele kwenye damu, mwili ukashindwa kuitumia, na zile chembe nyeupe zilikuwa hoi katikati ya shibe yote ile. Mguu ungekatwa kesho yake.

Nilikaa kando ya kitanda, sijui mikono niiweke wapi. Nilijichukia. Mama ndiye aliyeanza kusema, kwa sauti ya chini, akitazama ukutani.

"Nisamehe, mwanangu. Shangazi yako alikuja kunijulia hali, nikaona aibu kumpa maji matupu. Nilimwekea kijiko kimoja."

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Sikuweza.

"Kimoja tu," akasema. "Labda ndicho kilichopungua."