Mlanguzi wa sabuni za kwenye simu

Jamani, kaka yangu Masanja amefilisika leo mchana. Kwenye gemu!

Wiki nzima katuchosha na gemu lake la biashara ya magendo. Kalangua sabuni, kajaza ghala, anasubiri bei ipande. Mtaalamu wa masoko, na chumvi ya nyumbani ananunua mama.

Leo mteja wa kwenye gemu kaja, kauliza bei, kakubali bila kuomba apunguziwe.

Mama akachungulia. Miaka ya themanini, sabuni zilipoadimika na walanguzi wakisakwa, aliziuza kwa kujificha hapahapa Shinyanga.

"Masanja, mteja asiyeomba apunguziwe ni askari huyo. Usimuuzie."

"Mama, hili ni gemu tu."

Akabonyeza "uza". Msako! Ghala lote likabebwa.

Mpeni pole nyie, mimi nacheka.

Ameanza upya. Simu kashika mama.