Folda za Snezhina

Pale Ruse, mji wa Bulgaria, wakaguzi wa lifti walimcheka sana Snezhina Karabelova kwa ajili ya nyota zake. Wenzake walijaza fomu za rangi rangi. Yeye kazi zake zote aliziandika kwenye faili moja la maandishi matupu. Kila mstari ulianza na alama za nyota: nyota moja jengo, nyota mbili lifti, nyota tatu kasoro. Na kila kazi aliiambatishia nyaraka zake: picha, ripoti, barua pepe. Programu aliyoiandikia faili hilo ilizinakili kwenye folda yenye namba ndefu kama ya injini, na namba hiyohiyo ikakaa chini ya mstari wa kazi. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, na hakuna siku aliyoulizwa jambo akakosa karatasi.

Basi sikukuu ya Mtakatifu Georgi, siku ambayo kila nyumba huchoma mwanakondoo, lifti ya jengo namba saba ikaporomoka ghorofa mbili. Ndani alikuwamo bibi Tsonka, mkazi wa ghorofa ya sita, na nyonga yake ikavunjika. Bosi wa Snezhina, injinia Momchil Trendafilov, akaiambia kamati ya uchunguzi, macho makavu: "Huyu mama hakuniletea taarifa yoyote."

Mwongo mkubwa! Alipelekewa picha ya kamba ya chuma iliyoanza kukatika nyuzi, na akajibu mwenyewe kwa barua pepe. Lakini nani angemsikiliza Snezhina? Akasimamishwa kazi, kikao cha kumfutia leseni kikapangwa mwezi uliofuata, siku ya Alhamisi. Mjane wa miaka hamsini na nne, bila leseni angeshika kazi gani? Na mji mzima ungesema ndiye aliyemvunja bibi wa watu. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. "Nitamla mzimamzima," alisema peke yake jikoni, akikanda unga kwa ngumi.

Jumatatu ya wiki ya kikao akaitwa ofisini akabidhi kompyuta. Trendafilov akasimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Snezhina akafungua faili lake. Jengo namba sita lipo. Namba nane lipo. Namba saba halipo. Nyota za jengo hilo zote zimefutwa.

"Unatafuta nini, dada yangu?" bosi akauliza kwa sauti ya asali.

"Vitu vyangu."

"Chukua upesi basi. Watu wana kazi hapa."

Hapo ndipo yule mjanja alipojikwaa. Miaka yote alizicheka nyota bila kuuliza zinafanyaje kazi, kwa hiyo alidhani ukifuta kazi, nyaraka zake zinakwenda nayo. Thubutu! Ukifuta mstari umefuta namba tu. Folda inabaki palepale na kila kilichomo. Snezhina akaiamuru programu imtajie folda zilizobaki bila mstari wa kazi. Ikatoka moja, jina lake tarakimu tupu.

"Takataka gani hiyo?" Trendafilov akachungulia.

"Ni yangu, bosi. Niiache?"

"Unichafulie kompyuta ya ofisi? Beba takataka zako uende nazo!"

Akainakili kwenye flashi, akaichomeka flashi ndani ya sidiria, akamshukuru. Ndiyo, alimshukuru, tena kwa tabasamu.

Angeweza kunyamaza mpaka kikao kianze, lakini alitaka kumwona akitoka jasho. Alhamisi, kwenye ukumbi wa nje, akamwonyesha karatasi aliyoichapa kutoka kwenye flashi. Trendafilov akaisoma, uso ukamshuka.

"Snezhina, mama, tusifike huko. Kuna nafasi ya mkuu wa kitengo, ni yako. Tuyamalize sisi kwa sisi."

"Ulipokuwa unanifuta tulikuwa sisi kwa sisi?"

"Nina familia!"

"Na mimi ulidhani nilimea kwenye sufuria?" Akampokonya karatasi, akaingia ndani.

Mwenyekiti wa kamati aliiangalia picha, akaiangalia tarehe, akaiangalia barua, akavua miwani. Leseni haikuwa na shida tena, akasema, Snezhina anaweza kwenda nyumbani. Snezhina hakuinuka. Aliomba kitu kimoja tu, aliyeandika barua aisome mwenyewe.

Trendafilov akasimama, akasoma. "'Snezhina, lifti ya namba saba usiifunge kabla ya Mtakatifu Georgi kupita. Mwenyekiti wa jengo ndiye aliyenisimamia ndoa, na siku hiyo ana wageni, anachoma mwanakondoo. Nimpandishie wageni wake kwa ngazi, nitamtazamaje usoni? Ripoti yako iweke kando. Hao wazee wa juu watavumilia.'"

Kwenye kiti cha nyuma bibi Tsonka akajiinua kwa magongo yake mawili, pole pole, akimkataza kila aliyetaka kumshika.

"Soma tena, mwanangu," akasema. "Sikio hili halisikii vizuri."

Trendafilov akamgeukia Snezhina, macho yakimwomba. Walikuwa wamekula chumvi pamoja miaka kumi na tisa. Snezhina akaisukuma karatasi mbele yake, akainyoosha kwa kiganja.

"Kuanzia juu, bosi. Na upaze sauti."