Kinanda Kilichouliza Ukoko

Studio yetu ya Kibiti ni chumba kimoja nyuma ya duka la mume wangu, madirisha yamezibwa kwa magodoro makuukuu. Humo tumo wawili, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na kila mmoja ana kompyuta yake na programu yake. Mimi natengeneza biti. Yeye anarekodi sauti za waimbaji na kuzisafisha. Programu yangu aliiita ya watoto. Yake niliiita ya kuandikia barua za serikali, kwa jinsi ilivyojaa vitufe vya kijivu.

Zamani kazi ilisafiri kwa flashi. Natengeneza biti, nampa, mwimbaji anaimba, kisha inaonekana mdundo unakwenda pole mno, narudi kuanza upya. Dereva mmoja wa bodaboda anayeimba singeli alichoka kungoja.

"Jamani, hizi kompyuta si mziozeshe tu zikae pamoja?"

Shemeji akaenda kujifunza kwenye video, akarudi na waya, akaziozesha. Yake ikawa mkubwa anayetoa mwendo, yangu ikawa mdogo anayefuata. Akibonyeza kwake, biti inaanza kwangu papo hapo, na sauti inapita kwenye waya hadi kwake. Kinanda nacho kilichomekwa kwake. Kinanda chetu hakina sauti yake chenyewe. Kinatuma habari tu, wanaziita midi: nota hii imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki. Programu inayopokea ndiyo inayoamua isikike filimbi, marimba au ng'ombe.

"Na kwa nini wewe ndiye mkubwa?" nikamuuliza. "Mimi mke wa kaka yako."

"Kwenye kompyuta hakuna kaka, shem."

Sikubishana. Nikapekua mipangilio ya programu yangu, nikakuta mahali pa kuweka tiki ili hata mdogo aweze kubadili mwendo. Nikaiweka. Shemeji alipojirekodi kiitikio, maana hupenda sana kusikia sauti yake, nikawa naongeza mwendo kidogo kidogo. Alimaliza anahema kama aliyekimbizwa na kiboko.

"Shem, biti inakimbia!"

"Inakufuata wewe, mkubwa."

Alipotazama namba, nilikwisha kuzirudisha. Akasoma bismillahi, akazima mitambo, akawasha upya. Nilicheka peke yangu hadi machozi. Lakini nilipotoka kuswali adhuhuri, aliiona ile tiki. Aliiondoa tu, na mimi nikadhani mambo yamekwisha.

Asubuhi moja mama mkwe akaja kutoka Mtunda na kundi lake la kinamama wanaoimba harusini. Na shemeji nataniana hadi kesho; kwa mama mkwe hakuna utani. Nilivuta ushungi, nikapunguza sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Harusi iko Chumbi na wimbo bado haujakaa. Hebu tupe sauti ya kuanzia."

Kinamama wakajipanga mbele ya maikrofoni. Nikabonyeza kinanda. Spika zote mbili zikatoa sauti nyembamba kama ya mtoto:

"Nani kala ukoko wangu?"

Hapakuwa na mtu asiyeitambua sauti ile: ya mama mkwe, ila imebanwa. Nikadhani nimekosea, nikabonyeza upande wa chini. Ikatoka nzito kama lori linalopanda mlima: "Naaani kaaala ukokooo?" Kwa woga nikaweka kiganja kizima. Mama wakwe wanne wakauliza kwa pamoja.

Nikamtazama shemeji. Alikuwa amejificha nyuma ya kompyuta, zinaonekana nywele tu. Baadaye ndipo nilipojua: alimrekodi mama yake kwa simu alipokuwa akigomba jikoni, akaipachika sauti ile kwenye kila nota ya kinanda. Alinitegea mimi, niaibike mbele ya yule wa bodaboda. Hakujua kwamba mama yake ndiye angetangulia.

"Huyo nani?" mama akauliza.

"Ni midi, mama," shemeji akajibu.

"Midi ya nani?"

Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Mama akaniashiria niondoke kwenye kiti, akaketi yeye. Akabonyeza kwa kidole kimoja. Akasikiliza. Akabonyeza tena, mara ya tatu akapiga kwa mahadhi, mkato kwa mkato, na kinamama bila kuambiwa wakajibu, "Si mimi!" Akauliza juu, akauliza chini, wakamjibu. Nikatia ngoma. Shemeji akafungua maikrofoni zote, na kabla ya adhuhuri tulikuwa na wimbo.

Wimbo ulipopigwa huko Chumbi, mashangazi wa bwana harusi walidhani wanasingiziwa wao. Wakaingia uwanjani na mifuniko ya sufuria kujitetea, wakacheza mpaka vumbi likafunika biriani.

Watu wakataka mwingine kama ule, ikabidi tutengeneze wimbo wa pili. Mama akaja amejipaka wanja, amevaa khanga mpya, akasimama mbele ya maikrofoni na kusema taratibu:

"Ni nani aliyeula ukoko wangu?"

Tukaipiga kwenye kinanda. Ilikuwa kama taarifa ya habari.

"Mama, hasira hazimo," shemeji akasema.

"Basi nikasirisheni."

Tukatazamana. Mimi sikuthubutu, mkwe ni mkwe. Shemeji akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mama, ule wali wako wa Idi… ulikuwa na mawe."

Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaziba masikio.