Bwawa la Mama Kule Kasense

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa hisabati fumbo moja: magugu ya majini yanaongezeka mara mbili kila siku, na siku ya kumi yanalifunika bwawa lote, nusu yake ilifunikwa lini? Wengi hujibu siku ya tano. Nilikuwa nikiwacheka, hadi Jumapili ile nilipotoka Mazwi kwenda kumwamkia mama yangu Kasense.

Bwawa lake la perege lilikuwa limeingiwa na magugu madogo ya kijani yanayoelea. Yalikuwa yamefunika fungu moja tu kati ya manane. Mama alitaka majirani waitwe kesho yake kuyaopoa. Nilimkumbusha desturi yetu: watu huitwa kazini pombe ya ulezi ikiwa tayari, na ya kwake ingeiva Jumamosi. Kumwita mtu bila pombe ni kumdharau. Isitoshe, nilisema, magugu yenyewe yametumia zaidi ya wiki kufika hapo. Jumamosi haiko mbali.

Alinionyesha vijiti alivyochomeka ukingoni. "Ijumaa yalikuwa nusu ya haya. Jumatano, nusu ya yale ya Ijumaa. Endelea wewe, mwalimu."

Niliendelea kimoyomoyo: Jumanne robo, Alhamisi nusu, Jumamosi bwawa lote, na perege wamekosa hewa. Nikamwambia awaite kesho.

Jioni ile mama alipita nyumba kwa nyumba, akieleza na kuomba radhi. Nilihofia kwamba asubuhi tungebaki wawili tu ukingoni. Walikuja saba, na matenga na shuka kuukuu. Mzee mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alimgeukia mama. "Dada, mbona sisikii harufu ya kitu? Umetuita kazini au msibani?"

"Pombe itaiva Jumamosi," mama alijibu. "Kwa samaki, Jumamosi ni kuchelewa."

Wakacheka, wakaingia majini. Kufikia adhuhuri bwawa lilikuwa safi.

Jumamosi walirudi kunywa pombe yao ya moto, perege wakigombea pumba mbele yao. Yule mzee akauliza ni nani aliyepiga hesabu ile. Mama akanionyesha mimi, akasema hizo ndizo faida za kusomesha. Nikasimama na kikombe changu, nikawaambia kwamba msomi ndiye aliyekosea. Hesabu ilikuwa ya mama. Hata siku ya mahafali yangu chuo kikuu sikuwahi kuona fahari kama ile.

Mama akaniambia nikae, pombe inapoa.