Mkono Uliokwenda kwa Mfalme

Nakumbuka Jumamosi moja pale Jinja, klabu yetu ya chesi ilipokuwa na mashindano yake ya kila mwaka, yale ya haraka haraka. Kila mchezaji alipewa dakika tano tu. Zikiisha umeshindwa, hata kama mchezo ulikuwa wako. Mwanangu, wewe unayecheza kwa saa za betri huzijui saa zetu. Zilipiga kelele ukumbi mzima mpaka mtu unasahau jina lako.

Nilikuwa msichana wa Mafubira, binti wa dereva Mkenya, mwenye kiburi kidogo cha kunitosha. Nikafika fainali. Mbele yangu alikaa mzee kutoka Mbale, ofisa mstaafu wa magereza. Wote tulimwita Afande, na fainali alikuwa hajawahi kushindwa.

Alinibana vibaya. Kete yake ndogo ilikuwa imebakiza hatua moja igeuke malkia, na mimi sikuona pa kwenda. Nilitaka kulia. Ilikuwa zamu yangu, saa inakimbia, nikaona bora niaibike mapema. Kwetu anayekubali kushindwa humlaza mfalme wake ubaoni. Nikanyoosha mkono. Vidole vyangu vilikuwa havijamgusa bado, Afande akamlaza wa kwake! Akanishika mkono, akasema, "Muzuri sana, binti," akatoka kuwahi teksi ya Mbale.

Watu wakanishangilia, kete zikakusanywa, nami sijaelewa kitu. Nyumbani nilijaribu kuzipanga tena, lakini nilichokumbuka ni woga tu.

Maneno yakaanza klabuni. "Afande yeye nakuhurumia tu, wewe ni musichana." Wengine wakasema mzee aliogopa saa. Kikombe kilikaa juu ya kabati la mama, na mgeni akiuliza nilishindaje, nilitabasamu kama mtu mwenye siri. Siri gani? Sikujua hata mimi kama nilishinda au nilipewa, na jambo hilo liliniuma sana.

Ungekuwa wewe ungenyamaza, ee? Nami nilitaka kunyamaza. Kwenda kuuliza ni kukiri kwamba sikuona kitu, na pengine kuambiwa usoni kwamba nilihurumiwa. Lakini hamu ya kujua ikishakuingia haikuachi ule vizuri. Nikapanda teksi mpaka Mbale, kisha boda boda mpaka Nkoma, alikokaa.

Nilimkuta Afande anamwagilia sukuma wiki. Nikamwambia, "Jambo, Afande. Nimekuja kuuliza kwa nini uliniachia."

Akashangaa kweli. "Kuachia? Mimi naachia mutu? Hapana!"

Akaleta ubao, akapanga kete zote bila kusita. "Ona. Mufalme yako iko mbele ya ngome yako. Akitoka pembeni kidogo tu, njia nafunguka, ngome nanipiga, mimi nakwisha. Hakuna pa kukimbia. Mimi naona mukono yako nakwenda kwa mufalme, nasema, huyu mutoto ameona. Basi, nasalimu amri."

Nikatazama ubao kwa muda mrefu. Ilikuwa kweli. Ushindi ulikuwa pale pale, chini ya vidole vyangu, nami nilikuwa nauaga.

"Afande," nikasema, "mkono ule ulikuwa unakwenda kumlaza."

Akamwita mkewe, "Mama, kuja usikie hii!" Akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Nilipotaka kumrudishia kikombe alikunja uso. "Kikombe iko yako. Mimi ndiye nasalimu kwanza." Halafu sauti ikabadilika, ikawa ile ya magereza. "Lakini ile siku, mbona haukuuliza? Kama haungekuja, mimi ningekufa nikijua wewe ni fundi, na wewe ungezeeka ukijua mimi ni muoga."

Nikazipanga kete upya, nikamwomba anionyeshe tena.

Mwaka huu nimewatazama ninyi vijana wa klabu. Anayeshinda anarukia simu, anayeshindwa anatoka nje amenuna. Kaa kitini, mwanangu. Zipange kete tena, umuulize mwenzako aliona nini pale ambapo wewe hukuona. Uliza ukishindwa, na ukishinda ndiyo uulize zaidi, maana aliyeshindwa angalau anajua kuna kitu kilimpita. Wala usiogope kwamba jibu litakupunguza. La kwangu lilinipunguzia sifa, ndiyo, lakini tangu siku ile Afande alinifundisha chesi mpaka macho yake yalipochoka, na hakuna aliyenifaa kuliko yeye.

Haya, nenda. Mungu akupe wapinzani wanaokuona bora kuliko unavyojiona, na akupe miguu ya kuwafuata mpaka kwao ukawaulize.