Mama Pipi na Mchezo wa Nyayo za Bibi

Doreen Thackray alikuwa na kinywa kilichozoea kusema bila sauti. Alijifunza hivyo kiwandani, hapo hapo Todmorden, mji mdogo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, enzi mashine za kufuma vitambaa ziliponguruma kutwa na wanawake wakasemezana kwa midomo mitupu kutoka pembe hii hadi ile, habari za waume na bei ya nyama, huku msimamizi akisimama katikati yao asiambulie neno. Kiwanda kilipofungwa, wengine walilia na wengine wakahamia mji mkubwa wa Leeds. Doreen alimaliza chai yake, akamwambia mumewe Harold, "Miguu yangu imezoea kusimama. Nitatafuta pa kusimama."

Akapata pa kusimama kwenye kivukio cha shule ya msingi, chini kabisa ya mteremko, kazi ya kuvusha watoto barabara. Halmashauri ikampa koti jeupe refu, kofia, na kibao cha duara juu ya mti mrefu. Akikiinua kibao hicho, hata gari la meya lilikuwa halina budi kusimama. Kwa kuwa kilifanana na pipi ya kijiti, watoto walimwita Mama Pipi, naye hakuchukia. Sharti lake lilikuwa moja: vidole vya miguu nyuma ya jiwe la ukingo wa barabara mpaka yeye aseme "njooni". Mvua ya Yorkshire ilimnyeshea pale miaka mingi, na hapakuwa na mtoto aliyewahi kuchubuka hata goti.

Kisha kikaja kipindi kile cha televisheni, Vurugu Kabla ya Chai. Kilionyeshwa Alhamisi jioni, saa ambayo watoto wamerudi nyumbani na maharage bado yako jikoni. Kilikuwa cha vichekesho vifupi vifupi, na waigizaji wake walikuwa watoto watupu waliojifanya watu wazima: daktari anayewaogopa wagonjwa, mwalimu aliyefungiwa kabatini, mchungaji mwenye kwikwi. Aliyependwa kuliko wote alikuwa Mama Breki, msichana mwenye masharubu ya bandia na koti jeupe lililoburuzika chini, ambaye kazi yake ilikuwa kuvusha watoto barabara. Mama Breki alisimamisha magari ili aanike soksi zake kwenye kamba, au apige soga na dereva wa basi. Wanafunzi waliochoka kumngoja walimnyemelea kwa nyuma wakavuka wenyewe, na kila alipogeuka waliganda kama sanamu.

Mji uligawanyika. Sandra Butterworth, mwenye saluni ya nywele, alisema hajacheka vile tangu aolewe, na wateja wake wakacheka chini ya mashine za kukaushia nywele. Mchungaji wa mji alisema, tena mimbarani, kwamba kipindi kinafundisha watoto kudharau kila mwenye kofia. Gazeti la mji lilijaa barua, huyu akisifu akili za vijana, yule akiuliza kama kodi ya televisheni inalipia upuuzi. Mchinja nyama alikuwa na maoni ya pande zote mbili, kulingana na mteja aliyekuwa mbele yake.

Doreen alikitazama na Harold. Soksi zilipoanikwa alicheka mpaka akavua miwani.

"Ndiwe kabisa," Harold akasema. "Kasoro masharubu."

"Masharubu yanakuja," akajibu. "Ngoja nizeeke."

Lakini kila mtoto wa mji ule anaujua mchezo wa Nyayo za Bibi. Mmoja anawapa wenzake mgongo, wao wanamnyemelea. Akigeuka wanaganda, na atakayeonekana akitikisika anarudishwa mwanzo. Ndio mchezo ambao Mama Breki aliuhamishia barabarani, na watoto wa Todmorden hawakukawia. Doreen alipotoka kwenda katikati ya njia, uso wake kwa magari, wao walishuka ukingoni nyuma yake hatua kwa hatua. Akigeuka anawakuta wamesimama kwenye lami, mguu mmoja juu, macho yamekodoka. Kiongozi wao alikuwa Joanne, binti wa Sandra, mtoto mwerevu asiye na woga hata wa vitu vya kuogopwa.

Kina mama waliosimama kando walicheka. Hilo ndilo lililomuuma Doreen.

Asubuhi moja lori la maziwa liliteremka, barabara ikiwa na utelezi. Doreen alikuwa bado anainua kibao. Dereva alikanyaga breki, lori likasogea upande upande kama ng'ombe kwenye matope, likasimama karibu kiasi cha Doreen kuhisi joto la injini usoni. Alipogeuka alimkuta Joanne nyuma yake hatua chache, ameganda, anatabasamu. Hakuwa ameelewa kitu.

Doreen aliwavusha wote, kisha akarudi kulitazama jiwe la ukingo. Alijua kwamba asipowarudisha nyuma ya jiwe lile, mmoja wao atamfia.

Mchungaji alimjia jioni na waraka wa kutaka kipindi kifutwe. Alitaka jina la Doreen liwe la kwanza.

"Sisaini," Doreen akasema.

"Bi Thackray, wewe ndiye uliyedhihakiwa."

"Mimi nilicheka, Mchungaji. Televisheni haijamshika mtoto mkono ikamshusha barabarani. Walioshindwa kumshika ni sisi tuliosimama pale. Wewe mwenyewe hupita kila asubuhi na mbwa wako. Umewahi kumwambia mmoja arudi?"

Mchungaji alikunywa chai yake. Hakuwa amewahi. Ni rahisi kupigana na sanduku la sebuleni kuliko kumkemea mtoto wa jirani mbele ya mama yake, na wengi wetu huchagua lililo rahisi kisha tukaliita msimamo.

Asubuhi iliyofuata Doreen alisimama ukingoni na kibao chake chini.

"Mnapenda Nyayo za Bibi," akawaambia. "Haya, mimi ndiye Bibi. Mchezo una sheria. Nikigeuka nikamkuta mtu mbele ya jiwe, anarudi mwanzo. Mwanzo ni kule." Akaonyesha sanduku jekundu la posta, juu ya mteremko. "Na sitavusha mtu mpaka aliyerudi amefika hapa."

Joanne alijaribu, akarudishwa. Akajaribu tena, akarudishwa tena, akihema. Watoto waliongoja mvuani walianza kumnung'unikia. Kengele ya shule ililia, na hakuna aliyevuka.

Mwalimu mkuu, Bwana Illingworth, akatoka na mwavuli. "Bi Thackray, nina madarasa matupu."

"Bora matupu kwa asubuhi moja, Bwana."

Alitazama mteremko, akatazama watoto. Akarudi ndani na mwavuli wake.

Sandra alikuwa moto zaidi. "Unamtembeza mwanangu kama punda kwa ajili ya mzaha? Huna hata chembe ya ucheshi, wewe."

"Ninao tele. Naupeleka nyumbani kila siku, mzima mzima, na mwanao anarudi nyumbani vivyo hivyo."

"Nitakwenda halmashauri."

"Nenda, mpenzi. Ila upite kwenye kivukio."

Ikawa hivyo wiki nzima. Kila mtu alikuwa na lake la kusema, waliokipenda kipindi na waliokichukia, na kwa mara ya kwanza walikubaliana: Doreen amezidi. Yeye alisimama. Kufikia Alhamisi ni mmoja mmoja tu waliorudishwa, na Ijumaa, asubuhi baada ya Mama Breki mpya kuonyeshwa, alipogeuka ghafla pale ukingoni alikuta safu nzima imeganda, vidole nyuma ya jiwe, Joanne akiwa wa kwanza na pumzi ameibana.

Wakati huo huo Sandra alikuja mbio, funguo za saluni mkononi, mteja akimngoja ng'ambo. Akapenya katikati ya watoto na kushuka barabarani.

"Mwanzo," sauti moja ikasema nyuma yake. Ilikuwa ya Joanne.

Sandra aligeuka. "Usinifanyie utani, nimechelewa."

"Umeonekana, Mama."

Safu nzima ilimtazama bila kutikisika. Gari dogo lilipita na maji yakamrukia Sandra viatuni. Alimtazama Doreen, akitegemea mtu mzima mwenzake amwokoe. Doreen alikuwa amesimamisha mti wa kibao ardhini, mikono yote miwili imeushika. Hakutoa sauti, midomo tu ndiyo iliyosogea, kama zamani kiwandani, na Sandra, ambaye mama yake naye alikuwa mfumaji, alilisoma neno hilo bila shida: *Nenda.*

Sandra akavuta pumzi, akapanda mteremko mpaka kwenye sanduku la posta, akaligusa, akateremka. Watoto walimngoja. Aliposimama kwenye mstari, akachungulia chini na kurudisha nyuma ncha ya kiatu chake, ndipo Doreen alipotoka kwenda katikati ya njia na kuinua kibao.